Mstari Kwenye Nguzo

2 Februari

Wifi yangu wa kambini,

Shikamoo. Natumaini lori la mahitaji limekufikishia barua hii kabla panya hawajaionja, na kwamba mgongo wako umetulia. Sisi hapa tu wazima. Mwanao niliyekuzalia mimi amepanda darasa, ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatafuna kama bibi kizee. Cherehani yangu inanililia mafuta kila siku. Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, yule binti wa duka la dawa ambaye watoto wanamwita Vidonge, anakusalimu sana. Anasema mikono ikikuwasha tena kwa ajili ya sabuni za huko, umwandikie.

Ningekupigia simu, lakini nimechoka kuongea na yule mwanamke anayesema hupatikani. Tena haya ninayotaka kukuambia hayasemeki huku mdogo wako akiwa chumba cha pili.

Wifi, mdogo wako atanitia wazimu. Mwaka jana alikuja na kamera ya zamani ya filamu, nzito kama pasi ya mkaa. Nikamuuliza imetoka wapi. "Kwa mtu." Mtu gani? "Mtu tu." Tangu siku hiyo mume sina. Jioni ikiwa haina mawingu, akishakula tu anapanda juu ya paa, anaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuiacha jicho wazi saa nzima, mara nyingine saa mbili, inywe mwanga wa nyota. Ndivyo anavyosema, inakunywa. Nyota zinatembea, anasema, na kila moja inachora njia yake kwenye filamu kama mtu akiisubiri. Kisha filamu anampelekea mzee wa studio, ambaye huisafisha siku akijisikia. Mpaka leo nimeona picha nne. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tatu nyeusi, na kidole chake. Ya nne ina mikwaruzo myeupe, na kwa ajili ya mikwaruzo ile alinikumbatia kuliko siku ya harusi.

Hayo ningeyavumilia. Mwezi uliopita akaja na ombi. Umande unatua kwenye lenzi, picha inashika ukungu, kwa hiyo kamera inahitaji koti. Koti, wifi! Lenye bitana, na mfuko wa kuwekea chupa ya maji ya moto. Sare ya mwanao imelala mezani haina mikono, na mimi nimekaa namshonea kamera koti. Nikamuuliza kwa kejeli kama na kofia anataka. Akafikiri vizuri kabisa, akasema kofia si wazo baya.

Ila kilichonishikisha kalamu ni taa. Unaijua kazi yake: ni fundi wa taa za barabarani, analipwa na manispaa apande nguzo awashe mji. Basi katika mji mzima kona yenye giza ni moja, na ni yetu. Taa iliyo mbele kidogo ya mlango wetu imekufa tangu Novemba. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu naona hata wembe ameuficha. Nikimwambia, anasema ghala halina balbu. Nikimwambia tena, ni waya. Mara ya tatu, "Nitaangalia." Na mwenyekiti wa kamati ya mtaa ni mimi! Kila kikao majirani wananiuliza, mama mwenyekiti, taa vipi? Nami nabaki kutazama viatu vyangu. Vidonge anafunga duka usiku umeshaingia, anaipita kona ile ameshika funguo kama kisu.

Mwandikie. Wewe ndiye uliyemlea, wewe anakuogopa. Mwambie taa kwanza, nyota baadaye.

Wifi yako wa cherehani

25 Februari

Wifi yangu,

Marahaba, tena marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika imelaliwa na magunia ya vitunguu, na mimi nililaliwa na kazi. Barabara imefika mlimani, wameongezwa wanaume wengine kambini, na wote wana matumbo. Msaidizi wangu mmoja ameolewa akaondoka, mwingine anapika kama anayeadhibiwa. Mgongo haujambo. Mbusu mwanao kwenye lile pengo.

Sasa. Nimeisoma barua yako yote na kosa sijaliona. Wenzako waume zao wanapotelea baa. Wako amepotelea juu ya paa la nyumba yako mwenyewe. Ukitaka kujua yuko wapi, inua kichwa. Mwanamume anayetazama nyota hana muda wa kutazama wapita njia. Mimi ningekuwa wewe ningemshonea na ile kofia.

Wewe humjui kama ninavyomjua. Mama alipotutoka yeye alikuwa bado mdogo, na mwaka mzima hakukubali kulala mpaka nimtoe nje kwanza aone juu. Mimi nilikuwa namtoa. Sikuwahi kumuuliza anatafuta nini.

Kuhusu kamera mimi sijui lolote, na hata ningejua, mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Kuhusu taa, usimwonee. Mali ya serikali ndivyo ilivyo. Hapa tuna greda linasubiri tairi tangu mvua zilizopita, na mwenye greda halaumiwi na mkewe. Hata hivyo nimemwandikia, nimemkaripia kidogo ili uridhike.

Nitumie picha moja nami nione hizo nyota zinazokunyima usingizi.

Wifi yako wa masufuria

14 Machi

Wifi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, haikubadilika. Kumbe kukushtakia mdogo wako ni sawa na kumshtakia kuku kifaranga chake. Haya, nimekoma. Wote wazima isipokuwa mmoja, na habari yake ndiyo hii.

Nilipoona msaada wako umeishia kwenye kofia, nilivaa gauni langu la kutokea nikaenda mwenyewe kwa bosi wake. Nikamwomba atume fundi mwingine kwenye ile taa, pasipo kumwambia fundi wake wa nyumbani kwangu. Nilitaka kumshtukiza. Nilitaka aione inawaka, aone aibu, tucheke, yaishe. Ijumaa mchana akaja fundi mwenzake akiwa na ngazi na balbu mpya. Chai niliyomkaribisha haijapoa, kazi imekwisha. Wifi, hakukuwa na waya mbovu wala nini.

Jioni ile umeme ukakatika mji mzima. Watu wote wanalaani, mume wangu anaingia mlangoni anang'aa. Giza likiwa kubwa hivi, anasema, anga linashuka karibu. Hakuvua hata viatu. Alibeba kamera na koti lake akapanda. Nami nikanyamaza na siri yangu, nacheka peke yangu mbele ya mshumaa, nasubiri umeme urudi.

Ukarudi, na taa ikawaka! Watoto walipiga kelele kama goli limeingia. Niliacha suruali ya watu kwenye cherehani nikaja dirishani kuitazama tu. Ilikuwa nyeupe, ukuta wa jirani unaonekana hadi nyufa. Moyo ulinijaa, sikufichi. Nikarudi kushona nikimsubiri ashuke aje aseme kitu. Kabla sijamaliza kupinda mguu wa pili, giza tena.

Na katika giza lile ndipo Vidonge akapita. Tulisikia ukelele mmoja tu. Mtu alimvizia pale chini ya nguzo, akampora mkoba na kumsukuma ukutani. Kifundo cha mkono kimevunjika, mkono wa kulia, ule anaohesabia vidonge.

Wa kwanza kumfikia alikuwa mdogo wako. Nilipotoka nilimkuta amepiga magoti, kile kitochi chake cha kichwani kinawaka, anahema kama aliyekimbizwa, anamwambia, "Tulia mdogo wangu, tulia, nipo." Akambeba mikononi mpaka barabara kubwa, akasimamisha gari, akakesha naye hospitali. Wifi, mimi ni mtu wa kulalamika, unanijua, lakini siku ile nilimpenda mume wangu upya. Mtaa mzima unamsifu. Nami kwenye kikao niliisema manispaa mpaka koo likakauka, kwamba inatuletea balbu za kufa siku ya kuzaliwa.

Yeye sifa hazitaki. Akisifiwa anatoka nje.

Wifi yako

6 Aprili

Wifi yangu,

Marahaba. Nimelia juu ya barua yako na si kwa sababu ya vitunguu. Mpe pole nyingi huyo binti. Nimemtumia mfuko wa asali ya huku kwa mkono wa dereva. Ikifika nusu, ujue dereva ana mdomo.

Na mdogo wangu! Ile sehemu ya kumbeba nimeisoma kwa sauti jikoni, wapishi wote wakaacha kukoroga, hata yule anayepika kama anayeadhibiwa. Sasa umemwona ni mtu wa namna gani. Mwombe radhi kwa mambo ya kofia.

Ila mwambie ajibu barua. Nimemwandikia mara mbili, kimya. Mtoto yule akinyamaza mimi silali vizuri. Na picha niliyoomba sijaiona, au na wewe umeanza ubahili?

Wifi yako

22 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Asali imefika robo tatu, dereva ana haya kidogo. Vidonge anashukuru. Amerudi kazini na plasta yake, anahesabia dawa mkono wa kushoto, na wateja wanamsaidia kufunga bahasha.

Unamuulizia mdogo wako. Ameacha nyota. Kamera imening'inia kabatini na koti lake kama mgeni aliyekataa kukaa. Jioni nikimuuliza mbona hupandi, anasema mawingu. Natoka nje, hakuna wingu hata la dawa. Badala yake anaosha vyombo. Anafagia mlangoni kwa Vidonge, anamtekea maji, na kila jioni anakwenda kumsubiri dukani amsindikize nyumbani. Yule binti sasa anamwita kaka, na anamwita kwa moyo wote.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Sasa nimechoka. Mtu akiwa mwema ghafla namna hii anamchosha mwenzake, hujui umpokee vipi. Tena taa bado imekufa! Nikimwambia, wewe si fundi, panda basi uitazame, anaondoka chumbani. Nimwombe radhi nini, wifi? Mimi ninaishi na mtu ambaye simwelewi akiwa juu wala akiwa chini.

Juzi mzee wa studio akatuma ujumbe kwamba filamu ya mwisho imeshasafishwa siku nyingi na mwenyewe haji. Mume wangu akajibu, "Aitupe." Nikaenda mimi. Mzee amekasirika, anasema picha kama ile hajawahi kuisafisha maisha yake, ameikuza na kuitundika dirishani ili wateja waone kazi.

Na kweli, wifi. Nyota zote zimekuwa nyuzi, mamia ya nyuzi nyeupe zilizopindana pamoja kama zinazungushwa kwenye kigurudumu kimoja. Chini kuna mapaa ya mtaa wetu, na nguzo ya kona pembeni. Nilisimama pale dukani nikasahau nimefuata nini. Nikaona haya kwa maneno yote niliyoyasema juu ya lile koti. Ndiyo picha ya Ijumaa ile, ya umeme kukatika. Hakupiga nyingine baada yake. Nimechukua mbili, moja ni hii yako.

Halafu, mkanda wa hiyo kamera unanuka vitunguu. Sisemi kitu.

Wifi yako

11 Mei

Wifi yangu,

Marahaba. Haya, nimekamatwa. Mpima barabara mmoja alimaliza mkataba akaniachia ile kamera kwa ajili ya vyakula nilivyokuwa namfichia, na mimi nitampiga nani picha, masufuria? Nilimtumia mdogo wangu nikamwambia asikuambie, maana ningesikia kelele zako mpaka huku.

Picha nimeitundika ukutani jikoni. Siku hizi wanaume hawaji kuchukua chakula, wanakuja kutazama. Nimejivuna mpaka wananisema.

Kuna kitu kimoja tumebishania. Pale pembeni, kwenye nguzo, kuna mstari mwembamba mweupe. Unaanza chini kabisa, unapanda umeyumbayumba, unafika juu palipo na mng'ao kama ua kubwa, kisha kuna mwingine kando yake unaoshuka. Mwenye greda anasema ni radi. Mimi namwambia radi gani inarudi ilikotoka? Mimi naona kama mtu alipanda nguzo na mshumaa, akaiwasha nyota moja, akashuka zake. Muulize mdogo wangu ni nini, tumalize ubishi.

Wifi yako mwenye kujivuna

20 Mei

Wifi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Niliposoma ubishi wenu nilicheka, nikaichukua picha yangu nikaisogeza dirishani. Nikautazama ule mstari. Nikakaa chini.

Yule mtu hakupanda kuwasha, wifi. Alipanda kuzima.

Nakueleza kama alivyonieleza mwenyewe, maana nilimwekea picha mezani nikaweka kidole kwenye nguzo, na hakukataa. Alifungua kamera wakati umeme umekatika. Hakujua taa imetengenezwa, kwa sababu mimi nilimficha. Umeme uliporudi taa ikamwakia usoni na kumharibia picha. Akashuka na mkanda wake wa kupandia na kitochi kichwani, akaikwea ile nguzo wakati sisi tumesharudi ndani, akailegeza balbu, akateremka. Alidhani picha imeshaharibika, akaiacha kamera wazi tu. Kamera ikaendelea kunywa, na ikakinywa kitochi chake, kwenda na kurudi. Ule mng'ao wa juu ndiyo taa yetu, maisha yote ya ile balbu yamo mle. Bado yuko barabarani na mkanda kiunoni aliposikia ukelele. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza. Ndiyo maana alikuwa anahema.

Na tangu Novemba aliyeizima ni yeye. Hakukuwa na ghala, hakukuwa na waya. Kila ofisi ilipomtuma aje aitazame, alikwenda akarudi akaandika haifai. Kikulacho ki nguoni mwako, wifi, na nguo nimeishona mimi.

Nilimuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Nilitaka picha moja tu iliyo safi." Nikamuuliza, na baada ya pale? Akasema, "Baada ya pale ningesema nini?" Sijawahi kutamani kumpiga mtu ngumi kama nilivyotamani kumpiga yeye, na alikuwa analia.

Vidonge hajui. Analala nyuma ya ukuta wangu. Kila asubuhi anamwambia, "Kaka, Mungu akuzidishie," na yeye anaitikia. Mimi siwezi kulisikia tena neno hilo. Nitamwambia. Nimekutaarifu kwanza kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu.

Wifi yako

1 Juni

Wifi,

Nampa dereva hii mkononi, nimemwapisha aifikishe bila kusimama.

Usiseme. Nakuomba kama mkubwa wako, na tangu uolewe kwetu sijawahi kukuomba kitu. Utamwambia binti, binti atawaambia dukani, duka litauambia mji. Mdogo wangu atafukuzwa kazi. Mtaa utamwita mwizi, na mwizi mwenyewe wa mkoba yuko zake anakunywa soda. Mkono wa mtu umevunjika, ndiyo, lakini unapona. Jina la mtu halina plasta. Mwanao ataitwa nani shuleni?

Siri ya nyumba haitoki nyumbani. Na wewe nawe, nani alikutuma kwa bosi? Ungemwambia mumeo kwamba taa imetengenezwa, asingefungua hiyo kamera, na yote haya yasingekuwa. Wewe na uenyekiti wako, daima lazima uonekane umeshinda! Nimekasirika, sitaomba radhi.

Picha yangu nimeitia motoni, imeungua. Fanya hivyo hivyo na yako. Yeye ndiye ndugu niliyebaki naye.

Dada yake

30 Juni

Wifi,

Shikamoo. Mwanao hajambo, meno mapya yameanza kuchungulia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kwa hasira, na hasira zilikuwa nyingi.

Barua yako ilinikuta bado sijasema. Ulikaribia kunishinda, nakwambia ukweli. Lile la bosi lilinichoma kwa sababu nilishajiambia mwenyewe kabla yako. Nikajisemea basi, mkono unapona, tuishi. Nikaificha picha chini ya vitambaa nikakaa nayo siku kadhaa, nashona vibaya, nafumua.

Halafu Vidonge akaja chumba cha kushonea. Plasta imetoka, mkono umekuwa mwembamba, haukunjiki vizuri. Akaniletea kipakiti alichokifunga mwenyewe, karatasi imejikunja ovyo kwa sababu ya vidole. Akasema, "Dada, naona kaka hapigi tena zile picha zake. Nadhani filamu imemwishia, na mimi nimemchosha kwa kumsumbua kila jioni. Nimemnunulia hii. Mpe wewe, mimi naona aibu."

Ilikuwa filamu, wifi. Wewe ungefanya nini? Usiniambie ungenyamaza, maana sitakuamini.

Nikamwambia aketi. Nikamwekea picha mapajani na kumweleza, mstari wa kupanda na mstari wa kushuka. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na mimi hapa niko wapi?" Nikamwonyesha pale chini ya nguzo. Akainama akatazama karibu kabisa. "Mbona sipo?" Nikamwambia kamera ile inashika kinachowaka na kinachotulia, anayepita gizani haimwoni. Akasema, "Ahaa." Akasimama akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Ningependa angeupiga kwa nguvu.

Mume wangu nilimwambia jioni ile kwamba nimeshasema. Hakunigombeza. Asubuhi akaenda mwenyewe kwa bosi. Hawajamfukuza bado, lakini hapandi nguzo tena. Yuko ghalani anapanga vifaa mpaka waamue. Kabla ya hapo walimleta mchana kweupe, mtaa wote uko nje, akapanda akakaza balbu aliyoilegeza. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Alizungusha mkono mara mbili tu, tukasikia mtu mmoja anacheka. Mimi uenyekiti nimeuacha. Hakuna aliyenibembeleza nibaki. Shuleni mwanao wanamuuliza maswali, na sisi tunamwambia ajibu kweli. Ulisema kweli kuhusu jina. Linauma, tena sana.

Umeuliza nani alinituma kwa bosi. Walinituma wanaopita pale, Vidonge akiwa wa kwanza.

Ile filamu bado iko juu ya meza ya kukatia. Hakuna anayeigusa.

Taa inawaka kila jioni, kona nyeupe kabisa, watoto wanaichezea mpaka waitwe ndani. Mume wangu bado alikwenda dukani kumsindikiza, siku ya kwanza na ya pili. Vidonge hakutoka mpaka alipoondoka. Anahama mwisho wa mwezi ujao. Na kuja nyumbani haji kwa njia ya kona, anazungukia nyuma ya shule kwenye giza, safari mara mbili ya ile. Nilimkimbilia nikamwambia, mdogo wangu, usituadhibu sisi kwa kujihatarisha wewe, pita kwenye taa, inawaka. Akanitazama bila ukali wowote. "Dada, ile taa ni yenu."

Sasa jioni nafunika cherehani nakwenda kumsubiri. Tunazunguka wote nyuma ya shule. Hanisemeshi, ila akisikia nimebaki nyuma anapunguza mwendo.

Wifi yako